Kapteni wa Kwenye Kioo

Nyumba ya Wageni ya Goodnow,
Tilbury Falls, New Hampshire.
Jumatatu, 24 Mei 1976

Kwako kaka Orrin,

Pokea salamu za dada yako, ambazo najua hukuzitazamia mwezi huu, kwa kuwa barua zangu huja mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi, nazo huwa na mistari minne. Hii itakuwa ndefu, kwa hiyo kaa kitako. Hali yako huko Idaho je? Mgongo umepata nafuu? Na wifi Opal, kile kifua chake kimetulia? Kadi yake niliipata, na picha ya mjukuu wenu pia niliipata. Amerithi masikio ya baba, maskini mtoto. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia linalogoma kupanda ngazi, na hasira iliyonipanda tangu Februari ambayo hadi leo haijashuka.

Mji huu umeingiwa na wazimu. Nchi inatimiza miaka mia mbili mwezi wa Julai, na watu ambao hawawezi kukumbuka mahali walipoweka funguo zao asubuhi sasa wanakumbuka yote yaliyotokea mwaka 1776. Kuna Kamati ya Urithi, na mwenyekiti wake ni Homer Blodgett. Unamkumbuka Homer, mtoto wa mwenye duka la vyuma, yule aliyekuwa akila gundi darasani. Amekua lakini hajapona. Anavaa suruali inayoishia magotini na soksi ndefu nyeupe, na ndani ya soksi hizo mna miguu myembamba kama mipini ya ufagio. Anakwenda hivyo benki, anakwenda hivyo kanisani, na juzi alikwenda hivyo kwenye mazishi ya mjane wa Peabody.

Hapa kwetu wamenijia na amri tele. Wasichana wanaohudumu mezani lazima wavae vikofia vyeupe na sketi za kuburuta sakafuni, na Lorna, mmoja wao, tayari amekanyaga yake na kumwagia mchungaji supu. Ukutani wametundika taa za umeme zinazojifanya mishumaa na kupepesa siku nzima mpaka macho yanauma. Wameleta gurudumu la kusokotea uzi, wakalisimamisha karibu na meko, na mgeni akiuliza linavyofanya kazi tunamwambia lisiguswe, kwa sababu hakuna ajuaye. Hatukuwahi kuwa na gurudumu katika nyumba hii. Mama alinunua uzi dukani kama watu wengine wenye akili.

Na wageni nao, kaka! Wanatoka Boston na New York wakiwa na kamera shingoni. Wananiuliza kama maharage ya Jumamosi ni ya asili kweli, yaani ndiyo hasa waliyokula mababu. Nilimjibu mmoja kwamba ndiyo, ni yaleyale, yana miaka mia mbili, na ndiyo maana ni magumu. Akaandika kwenye kijitabu chake. Wanakula pai ya kuku ile ile aliyoipika mama, wanafumba macho na kusema wanaonja historia, kumbe wanachoonja ni siagi na chumvi ambayo madaktari wao wamewakataza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Serikali ya jimbo inataka kupanua barabara ya kwenda Concord, na kwenye ramani yao barabara hiyo inapita juu ya jiko letu, chumba cha kulia na nusu ya ukumbi. Nyumba ikiingizwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria itaachwa, na barabara itapindishwa ipite penye malisho. Isipoingizwa, itabomolewa mwezi wa Oktoba. Umri wake peke yake hautoshi, maana New Hampshire imejaa nyumba kuukuu na nyingi zina paa zuri kuliko letu. Tulicho nacho sisi, na wengine hawana, ni Kapteni.

Umemwona kwenye kadi za posta ninazokutumia. Kioo cha tatu cha dirisha la chumba cha kulia, upande wa barabarani, kina maandishi yaliyokwaruzwa kwa almasi ya pete: Kapteni Eliphalet Crane, 1777. Watu wanapanga foleni kukitazama. Nilipoanza kusimamia nyumba hii Kapteni alikuwa mpita njia tu aliyelala usiku mmoja. Miaka ya hamsini akapata risasi pajani. Baadaye akapata farasi mweupe, na tangu Homer ashike kamati amepata mchumba pia, binti wa mwenye nyumba, aliyemngoja dirishani mpaka akafa kwa majonzi. Kwa mwendo huu, kufikia Julai atakuwa amefufuka.

Kisha, mwezi wa Machi, akaja kilembwe wake. Ni mwanamke wa Connecticut aitwaye Muriel Satterlee, mjane mwenye mali na meno mengi. Alisimama mbele ya kioo akaweka mkono kifuani, akasema damu yake imemtambua babu yake. Alisema bibi yake alikuwa akimsimulia habari za Eliphalet na lile paja lake. Homer alitoa kitambaa akapangusa machozi. Tangu siku hiyo mama huyu amepanga chumba cha mbele na anajiona mwenye nyumba. Ili kutupamba, alinunua kwenye duka la vitu vya kale bakuli kubwa la kaure lenye mkono mmoja na maua ya samawati, akalijaza matufaha na kuliweka katikati ya meza kubwa. Wewe na mimi tumemwaga vyombo vya aina ile kila asubuhi utotoni, kutoka chini ya vitanda vya wageni, huku tumeziba pua. Sijamwambia. Kila mgeni anayechukua tufaha ananifurahisha kidogo.

Mkaguzi wa jimbo atakuja Alhamisi hii kukitazama kioo. Lakini macho yake hayatoshi. Anataka pia ushahidi ulioandikwa, kabla ya mwisho wa Juni, wa mtu aliyeyaona maandishi hayo zamani, kabla ya nyumba hii kuanza kutangazwa kwa wasafiri. Waliokulia humu na bado wako hai ni wawili, mimi na wewe. Mimi nina faida nyumba ikibaki, kwa hiyo neno langu halina uzito. Wewe uliondoka ukiwa na miaka kumi na saba na hudai hata kigae. Fomu utaikuta ndani ya bahasha hii. Kamati imeniagiza nikusihi uitie sahihi mbele ya wakili, kwamba uliyaona maandishi yale ungali mtoto, na uirudishe haraka.

Walikuwa na wasiwasi kukutumia wewe, nisikufiche. Homer alikuna kichwa chini ya wigi lake la kizamani akasema, "Orrin? Si ndiye yule mwizi wa pete?" Miaka arobaini na minne, Orrin, na bado wanakuita hivyo. Bi. Satterlee akataka kujua ni pete gani, naye Homer akamsimulia palepale, juu ya kahawa yangu na keki yangu, jinsi mtoto wa Goodnow alivyong'oa almasi ya pete ya mama yake mzazi akaiuza na kujinunulia viatu. Wakacheka. Kisha Homer akasema, "Basi na aandike. Hata mwizi akitusaidia mara moja tutampokea." Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini taratibu, maana kama ningeendelea kulishika ningemmiminia miguuni.

Usiitie sahihi fomu hiyo.

Umeishi katika nyumba hii miaka kumi na saba, na najua hukuwahi kuona neno lolote kwenye kioo kile. Kadi za posta zimekufikia kila Krismasi na hukuniuliza hata mara moja yametoka wapi. Labda ulifikiri ni ujanja wa baba. Labda ulijua. Nimejaribu miaka yote hii kuusoma ukimya wako na nimeshindwa, basi acha niseme.

Kapteni Crane ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Unakumbuka kiangazi kile, magari yalivyokuwa yakipita bila kusimama, na baba akikaa kizingitini kuyahesabu. Siku moja mchuuzi wa mafuta ya taa alikula kwetu akasimulia kwamba huko Vermont kuna nyumba ya wageni ambayo ofisa wa zamani aliandika jina lake kwenye kioo kwa pete, na watu wanakuja kutoka mbali kulitazama na kula. Baba alisema, "Sisi tuna nzi tu." Alisema kwa mzaha, lakini niliuona uso wake. Alasiri ile mama alikuwa akikanda unga, na pete yake ilikuwa kwenye kisahani kando ya dirisha la jikoni, pale alipokuwa akiiweka daima. Niliichukua nikaenda chumba cha kulia. Sikuwa na jina la ofisa yeyote kichwani, kwa hiyo niliandika nililokuwa nikilisugua kwa majivu kila Jumamosi. Kwenye mlango wa oveni ya jiko letu kubwa la chuma, lile lililouzwa kama chuma chakavu wakati wa vita, palikuwa na maandishi: Eliphalet Crane na Wanawe. Wanawe niliwaacha.

Nilipomaliza namba ya mwisho jiwe lilichomoka. Vile vishikizo vya dhahabu vilikuwa vimechakaa, na mimi nilikuwa nimekandamiza kama mtu anayelima. Nililiokota, nikairudisha pete kwenye kisahani ikiwa tupu, nikajiambia nitasema mama akimaliza mkate. Mama akamaliza mkate, akaiona pete, akapiga yowe, na wewe ukaingia mlangoni na kuni mikononi na viatu vipya miguuni. Viatu ulivyovipata kwa ngozi za wanyama uliotega msimu mzima, bila kumwambia mtu kwa kuwa baba alikuwa amekataza kutega. Nilikuwa nyuma ya mama. Jiwe lilikuwa kwenye ngumi yangu. Nilimsikia baba akikuuliza viatu umepata wapi, na nikakusikia ukinyamaza. Asubuhi yake hukuwepo.

Nilikuwa muoga. Nimejaribu kulipamba neno hilo na halipambiki. Ninawacheka Homer na soksi zake na yule mama na matufaha yake, lakini wao wanadanganya kwa kuwa ni wajinga, na hakuna aliyefukuzwa nyumbani kwa ajili yao. Mimi nilijua. Hakuna mtu katika mji huu ninayemdharau kama ninavyomdharau yule msichana aliyefumba ngumi, na huyu bibi aliyeendelea kuifumba.

Na kuna jingine, nalo ni zito zaidi kuliandika. Siku tisa baada ya kuondoka kwako baba aliyaona maandishi. Nilikuwa nikifagia. Alisogea karibu na kioo, akapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akakitazama kidole, na nikaona kilikuwa cheupe kwa unga wa kioo. Kisha akanitazama mimi, akatazama mkono wangu wa kushoto. Maandishi ya mtu wa shoto unayajua, yanalala upande usio wake. Baba hakuwa mjinga, Orrin. Alipangusa kizingiti kwa mkono wa shati, na mchana ule ule, mbele ya wageni wawili, akasema maandishi yale yalikuwepo tangu enzi za babu. Angeweza kukufuata. Treni zilikuwepo. Alikuwa na Kapteni au mwanawe, akamchagua Kapteni, na kuanzia mwezi uliofuata magari yakaanza kusimama.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwenye kikao cha kamati nikawaambia yote haya. Nilisimama na goti langu bovu nikasema tangu oveni hadi viatu. Unajua walichofanya? Bi. Satterlee alinipapasa mkono akasema, "Umechoka, mpenzi. Kazi nyingi mno kwa umri wako." Umri wangu! Ana miaka sita zaidi yangu chini ya hiyo poda. Homer akaniambia nisiwaharibie shughuli, kwamba nataka tu kumtakasa kaka yangu na nyumba ibomolewe watu wote wakose kula. Kisha wakapiga kura kuhusu rangi ya bendera. Walikuwa radhi uwe mwizi milele, mradi wapate dirisha.

Basi jana, Jumapili, saa saba mchana, chumba cha kulia kikiwa kimejaa, na kamati nzima ikiwa kwenye meza kubwa imezunguka yale matufaha, nilivua aproni. Jiwe ninalo. Nimelihifadhi ndani ya tondoo, lile la kuvaa kidoleni wakati wa kushona, lililozibwa kwa nta, miaka yote, na sikuwahi kulivaa wala kuliuza. Nililibana kwa koleo ndogo, tena iliyonunuliwa dukani kwa Homer, nikapiga goti moja kwenye kiti, na kwenye kioo cha nne, jirani na Kapteni, nikaanza kuandika. Sauti yake ni mbaya sana. Vijiko vyote vilisimama. Nilichukua muda wangu. Niliandika: Orrin Goodnow hakuiba. Niliiba mimi. Thirza.

Hakuhitajika mkaguzi. Mistari ile miwili ililala upande mmoja, kwa mkono mmoja, kama watoto wawili wa mama mmoja. Bi. Satterlee alisimama akapiga kelele kwamba ninamtukana babu yake. Ndipo Amos Tuttle, ambaye unamkumbuka akituletea kuni kwa gari la farasi, na ambaye sasa ni mzee wa miaka themanini na moja mwenye malisho ambamo ile barabara ingepita, akaweka uma chini. Akasema, "Babu yako nilikuwa nampelekea kuni kila wiki, mama. Alikuwa na miguu minne na oveni." Homer alitaka kucheka, akakumbuka yeye ni mwenyekiti. Na Amos hakucheka hata kidogo. Alikuja mpaka kwenye kioo, akalisoma jina lako polepole kwa sauti, akavua kofia. Alisema na yeye alikuita mwizi, mara nyingi, na kwamba nikuandikie hilo.

Nyumba itabomolewa, bila shaka. Nimeshaliona hilo na sijalia, ingawa nililia kwa mambo mengine. Leo asubuhi Homer alikuja na kisu cha kukwangulia gundi inayoshika kioo, akasema anataka kukitoa kioo cha nne "kukihifadhi" hadi Alhamisi ipite. Nimeweka kiti changu mbele ya dirisha. Ninakuandikia nikiwa hapo, na mti wa kusukumia unga uko mapajani. Ameshapita mara tatu nje akichungulia, na kila mara ninamwonyesha mti. Mkaguzi atakaponijia nitamsomea vioo vyote viwili, kisha afanye apendavyo na barabara yake.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ningekuwa nakufanya ujibu kwa adabu. Kama unaweza kusafiri, njoo kabla ya Oktoba. Kile chumba chako juu ya jiko bado kina kitanda. Usipoweza, chana fomu, uwasomee watoto wako karatasi hizi, wote, mezani, na wajukuu wawepo.

Msalimie sana wifi Opal, na umwambie ananidai maelezo nitakayompa mwenyewe. Lorna anakusalimu ingawa hakujui. Alikuwa wa kwanza kuja kunishika mkono jana. Amos anakusalimu.

Na imebaki salamu moja, ya mama. Siku mbili kabla ya kufa, mwaka wa hamsini na nne, alinishika mkono akaniambia, "Mwandikie Orrin, mwambie nimemsamehe." Nilimwahidi, na sikukuandikia. Tondoo lilikuwa mfukoni mwangu na mkono wake juu ya mkono wangu, na nilichopaswa kumwambia kilikuwa cha maneno manne tu. Amekufa bila kuyasikia. Hiyo ndiyo salamu yake kwako, Orrin, imechelewa miaka ishirini na miwili, na haikuwa na haja ya kukujia wewe.

Ni mimi, dada yako,
Thirza